Ni Juu ya Nani Kuthibitisha?

Mwezi wa Novemba 2024, huko Uingereza, watu wengi walionekana wakimwaga maziwa katika masinki ya jikoni, na wengine vyooni, huku wakijipiga picha ili ulimwengu uwaone. Maziwa hayo hayakuwa yamechacha. Kosa lake lilikuwa moja tu: kampuni moja kubwa ya maziwa ilikuwa imetangaza kwamba mashamba 30 yatajaribu kuwapa ng'ombe unga uitwao Bovaer, ambao hutiwa kidogo sana katika chakula chao ili kupunguza hewa ya methani waitoayo wanapocheua. Wakuu wa usalama wa vyakula walijibu kwamba unga huo umekwisha kupimwa, kwamba huvunjwavunjwa na kwisha mwilini mwa ng'ombe, wala hauingii katika maziwa. Maziwa yakaendelea kumwagwa.

Ni rahisi kuwacheka watu hao. Sisi hatuwacheki. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na Waingereza waliumwa kweli. Kwa miaka mingi ng'ombe wao walilishwa unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe wenzao, maana ulikuwa chakula cha kujenga mwili kilichopatikana kwa bei ndogo. Mwaka 1986 ukatambuliwa ugonjwa mpya uliokula bongo za ng'ombe. Mwaka 1988 Serikali ikakataza chakula kile, lakini iliendelea kuwaambia raia kwamba nyama haina neno. Na mwaka 1990 waziri wa kilimo akampa binti yake mdogo mkate wenye nyama ya ng'ombe mbele ya wapiga picha. Miaka sita baadaye, yaani 1996, Serikali ilisimama bungeni ikakiri kwamba watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa ambao yaelekea sana ulitokana na nyama ile. Ng'ombe zaidi ya laki moja na elfu themanini walikutwa na ugonjwa huo. Watu 178 walikufa katika Uingereza peke yake, nao wengi wao walikuwa vijana. Basi, neno "salama" likitamkwa na wakubwa, laweza kuwa kweli tupu, na bado lisiaminiwe na mtu.

Hatukusudii kuamua hapa kama unga ule ni mwema au mbaya. Swali letu ni la zamani kuliko unga wenyewe. Kitu kipya kinapotaka kuingia katika chakula cha mnyama, na kwa njia ya mnyama kufika mezani petu, ni juu ya nani kuthibitisha? Anayekileta athibitishe kwamba hakidhuru, ama anayekiogopa athibitishe kwamba kinadhuru? Kila sheria juu ya jambo hili, hata ikiandikwa kwa maneno mengi namna gani, imekwisha kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Na tuchukue habari moja ya Marekani, ambayo kwayo twaweza kujifunza mengi.

Mwaka 1938 mtaalamu wa London, Charles Dodds, pamoja na wenzake, walitengeneza kitu kifanyacho kazi mwilini kama homoni ya kike. Jina lake ni refu, diethylstilbestrol. Wengi huiita DES. Hawakujiwekea haki ya kuimiliki, kwa hiyo kiwanda chochote kiliweza kuitengeneza, tena kwa gharama ndogo. Waganga wakawapa wanawake wajawazito wakidhani yazuia mimba kuharibika. Wafugaji wa kuku nao, tangu mwaka 1947, walipandikiza kidonge chake chini ya ngozi ya shingo ya jogoo, na jogoo akanenepa na nyama yake ikawa laini. Waliichagua shingo kwa busara, kama walivyodhani, kwa sababu shingo ya juu hukatwa na kutupwa pamoja na kichwa. Lakini machinjioni hakuna kitu kitupwacho kweli. Vichwa na shingo vile viliuzwa kwa watu wafugao minki, mnyama mdogo ambaye ngozi yake hutengenezwa makoti ya matajiri. Na minki wakaacha kuzaa. Hawa walikuwa wa kwanza kulipa deni ambalo hawakulikopa.

Pamoja na hayo, mwaka 1954, huko Iowa, mtaalamu Wise Burroughs alitangaza kwamba ng'ombe akipewa miligramu 10 tu za DES kwa siku katika chakula chake huongeza uzito upesi zaidi, na tena hula chakula kidogo zaidi kwa kila kilo anayoiongeza. Miligramu 10 ni chembe ndogo tu juu ya ncha ya kisu. Mwaka ule ule Idara ya Vyakula na Dawa ya Marekani ikatoa ruhusa, na baada ya muda mfupi sehemu kubwa ya ng'ombe wa kunenepeshwa katika nchi ile walikuwa wakiila. Mfugaji alipata faida, kiwanda kilipata faida, na mlaji alipata nyama kwa bei nafuu. Nani basi angelalamika?

Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilitunga sheria mpya juu ya vitu viongezwavyo katika chakula. Mbunge James Delaney wa New York alitia ndani yake kifungu kifupi: kitu kikionekana kuleta kansa kwa mtu au kwa mnyama, kisihesabiwe kuwa salama kwa kipimo chochote kile. Na DES ilikwisha kujulikana kuwa huleta kansa katika panya. Ungedhani basi mambo yamekwisha. La hasha! Ruhusa zilizotolewa kabla ya sheria ziliachwa ziendelee. Kisha mwaka 1962 Bunge lile lile likaongeza maneno mengine: kitu cha namna hiyo chaweza kutiwa katika chakula cha mifugo, mradi mabaki yake yasionekane katika nyama kwa njia za kupimia zilizokubaliwa na Serikali.

Tusimame kidogo penye neno hilo "yasionekane". Yasionekane na nani? Na chombo cha kupimia. Na chombo kikiwa butu? Basi nyama ni safi. Mwaka unaofuata akaja fundi mwenye chombo kikali zaidi, nyama ile ile ya jana ikawa na uchafu. Nyama haikubadilika, jicho ndilo lililobadilika. Sheria ilifanya upofu wetu kuwa ushahidi wa usafi. Ni kama mwenye duka ambaye mizani yake haipimi chini ya nusu kilo, akaapa kwamba hajapata kumpunja mtu robo.

Mwaka 1971 waganga wa Boston walitoa habari za wasichana na wanawake vijana wanane waliopatwa na kansa ambayo karibu haijulikani kwa watu wa umri wao. Walipochunguza, mama saba kati ya hao wanane walikuwa wamepewa DES walipokuwa na mimba. Hapa yatupasa kuwa wakweli: akina mama hao waliimeza dawa yenyewe, kwa kipimo kikubwa mno kupita kile kiwezacho kubaki katika nyama, na hatusemi kwamba wasichana wale waliugua kwa kula nyama. Lakini sasa kila mtu alijua kitu kile chaweza kufanya nini, na kwamba chaweza kumngojea mtu aliye bado tumboni mwa mama yake kwa miaka kumi na mitano au ishirini. Mwaka 1972 Serikali ikaamuru kisitiwe tena katika chakula cha ng'ombe. Wenye viwanda wakaenda mahakamani, na mwaka 1974 mahakama ikaitangua amri kwa sababu wenye viwanda hawakusikilizwa kwanza kama ipasavyo. Katazo la mwisho likaja mwaka 1979. Na mwaka 1980 wakaguzi waligundua kwamba malaki ya ng'ombe walikuwa wamepewa DES kwa siri baada ya katazo. Basi kuingia kulichukua miezi michache ya mwaka 1954. Kutoka kulichukua zaidi ya miaka ishirini tangu sheria ya Delaney.

Katika masomo ya maadili, seminarini, kila mwanafunzi hukutana na mwindaji mmoja. Jua lakuchwa, kichaka chatikisika, na mwindaji hajui kama ni swala au ni mtu aokotaye kuni. Je, aruhusiwa kufyatua bunduki? Walimu wa zamani, waliobishana juu ya mambo mengi, juu ya hili hawakubishana. Katika shaka juu ya sheria, mtu aweza kuushika uhuru wake; kama hakuna hakika kwamba sheria yamfunga, hafungwi. Lakini katika shaka juu ya jambo lenyewe, ambapo mwenzake aweza kupoteza uhai, hawezi kusema "yamkini si mtu" akapiga. Ni juu yake kwenda kutazama. Wala aliyemo kichakani hana wajibu wa kupiga kelele ili athibitishe kwamba yeye ni mtu.

Mwenye kiwanda atasema kwamba yeye si mwindaji, na kweli hafanani naye kwa kila jambo. Madhara ya kitu kitiwacho katika chakula, kama yapo, ni ya polepole, tena huenea kwa watu wengi, kila mmoja kidogo. Lakini hilo halimpunguzii wajibu, lamwongezea. Mwindaji akikosea husikia kilio. Huyu hatasikia kamwe.

Msomaji mwenye fikira atatupinga hapa, naye ana haki. Atasema: mwindaji naye ana watoto wenye njaa nyumbani, akingoja mpaka kila kichaka kikaguliwe, hakuna atakayekula. Tena kuna habari ya kumsaidia. Mwaka 1957 mtaalamu Klaus Schwarz alionyesha kwamba seleniamu, madini yapatikanayo udongoni, huhitajiwa na mwili wa mnyama, ingawa kwa kiasi kidogo sana. Penye udongo ulio maskini wa madini hayo, kondoo, nguruwe na kuku hudhoofika misuli na kufa. Dawa ilikuwa ni kutia chembe chache katika chakula chao. Lakini majaribio ya zamani katika panya yalikuwa yameishuku seleniamu kuwa huleta kansa, na kwa sababu ya ukali wa kifungu cha Delaney, wafugaji wa Marekani walingoja ruhusa mpaka mwaka 1974. Kichaka kilikuwa kitupu, na watoto walilala na njaa. Twakiri basi kwamba kungoja nako kuna gharama yake, na ya kwamba mkuu wa Serikali aachaye faili mezani mwaka baada ya mwaka hawezi kunawa mikono na kujiita mwangalifu.

Hata hivyo, makosa hayo mawili si ndugu pacha. Aliyecheleweshewa kitu chema ajua anachokikosa, aweza kudai, na siku ruhusa ikitolewa atakipata. Aliyedhuriwa na kitu kilichoruhusiwa haraka hakuulizwa, hajui, na mara nyingi hakuna awezaye kumrudishia. Tena chanzo cha faida kina wakili anayelipwa, mlaji hana. Ndiyo sababu twaona mzigo wa kuthibitisha wafaa kumwelemea yule anayeleta kitu na kutazamia faida yake, na kazi ya Serikali iwe kuhakikisha kwamba mzigo huo waweza kubebwa: masharti yajulikane mapema, na jibu litolewe kwa muda uliowekwa.

Mwingine atauliza: kwa nini Serikali? Si ingetosha kila mfugaji kufuata dhamiri yake? Twapenda sana jambo lifanywe na walio karibu nalo kabla ya kupelekwa kwa wakubwa. Lakini fikiri juu ya mfugaji mnyofu. Jirani yake atumia kitu cha kunenepesha. Ng'ombe wa jirani wafika sokoni mapema zaidi, nao huuzwa kwa bei ile ile. Mnunuzi hawezi kuonja tofauti. Baada ya miaka mitatu mfugaji mnyofu ama amefuata, ama amefilisika. Wafugaji wa Sweden waliliona hilo. Tangu miaka ya 1950, katika nchi nyingi, dawa za kuulia vijidudu, zile zile ziwaponyazo watu, zilitiwa katika chakula cha kuku na nguruwe wazima, si kwa kuwaponya bali kwa kuwakuza upesi. Vijidudu vikazoea dawa. Huko Uingereza kamati iliyoongozwa na Michael Swann ilionya juu ya hatari hiyo mwaka 1969. Lakini katika Sweden chama cha wafugaji wenyewe ndicho kilichoiomba Serikali ikataze, na sheria ikatoka mwaka 1986. Sheria ile haikuwafunga. Iliwafungua, maana tangu siku ile hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya dhamiri yake na shamba lake. Umoja wa Ulaya ulimaliza matumizi ya namna hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006, miaka thelathini na saba baada ya onyo la Swann. China iliendelea kutia kolistini, dawa ya akiba ya mahospitali, katika chakula cha mifugo mpaka mwaka 2017, baada ya wataalamu wake kuonyesha, mwaka 2015, kwamba uwezo wa kuishinda dawa hiyo waweza kupokezanwa kati ya kijidudu na kijidudu.

Sasa turudi kwa unga wa methani, kwa maana una jambo jipya ambalo DES haikuwa nalo. Haumnenepeshi ng'ombe, wala haumwongezei mfugaji faida iliyo wazi. Wanaouuza ndio wapatao fedha. Lakini faida inayotajwa ni ya watu wote, maana methani ni moja ya hewa ziongezazo joto duniani. Umoja wa Ulaya uliuruhusu kwa ng'ombe wa maziwa mwaka 2022, na Marekani mwaka 2024. Hata hapo mwendo ni ule wa siku zote: mwenye kiwanda aleta ushahidi, Serikali yahukumu. Lakini Denmark ilikwenda hatua moja mbele. Kuanzia mwaka 2025 iliwaamuru wafugaji wenye makundi ya zaidi ya ng'ombe 50 wa maziwa wapunguze methani kwa chakula, ama kwa kuongeza mafuta katika lishe kwa mwaka mzima, ama kwa unga huo kwa muda usiopungua siku 80 katika mwaka. Vuli ya mwaka huo wafugaji kadhaa walilalamika kwamba ng'ombe wao hawali vizuri, wanahara, maziwa yamepungua. Wengine walisema hawakuona lolote. Wakuu wakawakumbusha kwamba ng'ombe aonekanaye kudhurika aweza kuachishwa, na uchunguzi ukaanzishwa.

Hatujui vema mambo ya mazizi ya Denmark hata tuseme nani alikuwa na haki. Lakini angalieni jinsi mambo yalivyogeuka. Mpaka hapo Serikali ilikuwa hakimu kati ya mwindaji na kichaka. Itoapo amri ya kutumia kitu, imekwisha kushika bunduki yenyewe. Nani atamwambia aende kutazama? Mfugaji aliyelazimishwa, ng'ombe wake akiugua, si haki aambiwe alete ushahidi wa kitaalamu kwamba ni ule unga. Aliyeamuru ndiye mwenye kudaiwa. Waingereza walijifunza jambo hili kwa machozi. Wakati wa ugonjwa ule wa bongo, wizara moja ilikuwa na kazi ya kuwasaidia wafugaji kuuza nyama na tena kazi ya kuwalinda walaji wa nyama hiyo. Mwaka 2000 kazi hizo zilitenganishwa, wakaundiwa walaji chombo chao peke yake. Na mkumbuke kwamba ndicho chombo hicho kilichosema mwaka 2024 kwamba maziwa ni salama, na watu wakayamwaga. Imani ya watu ikishavunjwa na babu, mjukuu ndiye aombaye radhi.

Kwetu Tanzania iko Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, nayo yataja wakaguzi wa vyakula hivyo. Wizara isimamiayo ni ile ile yenye kazi ya kuendeleza mifugo na mazao yake. Twataja hilo bila kumlaumu mtu. Wasomaji wetu wengi wafuga kuku, na wanajua jinsi chakula kinavyopatikana: pumba, mashudu, dagaa, chokaa, mifupa iliyosagwa, na kijipakiti cha unga mweupe kinachochanganywa na fundi wa mashine. Kijipakiti hicho ndicho tunachokisemea. Pengine ni vitamini tu na madini, na kuku wangedhoofika bila hayo. Lakini mama anunuaye kilo tano za chakula cha vifaranga hupimiwa kutoka gunia lililokwisha kufunguliwa; karatasi iliyoshonwa mdomoni mwa gunia ilitupwa asubuhi, na hata akitaka kusoma hana cha kusoma. Tungependa kusikia kutoka kwa wakaguzi waliotajwa katika sheria ile, wanalifikirije gunia lililofunguliwa. Na wakituandikia, jibu lao tutalichapa katika ukurasa huu huu.